Kwa Nini Chupa ya Bia Hupasuka: Hesabu ya Gesi Kamakis

Pale Kamakis, upande wa Ruiru ambako Eastern Bypass inakutana na barabara ya Thika, pombe za aina tatu zina njia tatu za kushughulika na gesi. Keg husukumwa hadi kwenye glasi kwa gesi ya kaboni kutoka mtungi uliowekwa kando. Bia ya chupa hutoka kiwandani gesi yake ikiwa imepimwa na kufungwa. Muratina, ambayo huko Kiambu sherehe ya mahari, yaani ruracio, haikamiliki bila hiyo, haifungwi kabisa: huchacha ndani ya kibuyu chenye kifuniko kilicholegea, gesi ikapata pa kutokea.

Anayejipikia bia nyumbani huchagua njia ya nne. Anataka gesi izaliwe ndani ya chupa iliyokwisha kufungwa. Inawezekana, na bia hupendeza, lakini ndiyo njia yenye hatari kubwa kuliko zote. Wengi huilaumu sukari inayoongezwa siku ya kufunga. Kwa maoni yangu, adui mkubwa ni sukari ambayo hamira ilikuwa haijaimaliza.

Tuanze na hesabu. Hamira ikila gramu 1 ya sukari ya mezani, hutoa takriban nusu gramu ya gesi ya kaboni. Wapishi hupima gesi kwa ujazo: lita moja ya bia yenye ujazo wa 2.4 imebeba gesi ambayo ingejaza lita 2.4 kama ingeachwa huru. Bia nyingi huwa karibu na kiwango hicho.

Hapa mwinuko wa Ruiru una la kusema. Mji uko kama mita 1,560 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 84 ya ule wa Mombasa. Bia iliyochacha kwenye joto la nyuzi 20 ikamaliza hubaki na ujazo wa gesi wa 0.73 hivi, ilhali pwani ingebaki na 0.87. Majedwali mengi ya sukari yametungwa kwa usawa wa bahari. Ili kufikia 2.4, mpishi wa Mombasa anahitaji gramu 5.8 za sukari kwa lita. Wa Kamakis anahitaji 6.3. Kwa ndoo ya lita 20, ni gramu 116 dhidi ya 127. Anayefuata jedwali la pwani hatadhurika, ila bia yake itapungukiwa mapovu kidogo.

Sasa angalia kosa lenye madhara. Haidromita hupima uzito wa bia ukilinganishwa na wa maji, na namba hushuka kadiri sukari inavyoliwa. Kila pointi moja, yaani 0.001, ikiliwa ndani ya chupa huongeza ujazo wa gesi kwa takriban 0.5. Bia iliyopaswa kuishia 1.010 ikifungwa ikiwa 1.014, pointi hizo nne zitaongeza ujazo wa 2, na ile 2.4 iliyokusudiwa itakuwa 4.4. Kwenye nyuzi 25, ujazo wa 2.4 husukuma chupa kwa nguvu kama ya upepo wa tairi la gari dogo. Ujazo wa 4.4 husukuma zaidi ya mara mbili ya hapo, na kioo kikishindwa, vipande huruka.

Katika Kiambu kosa hili huletwa na baridi. Juni na Julai usiku huwa wa baridi kali, hamira ikalegea kabla ya kumaliza kazi. Mapovu hukatika, mpishi akadhani bia iko tayari. Joto likirudi, hamira huamka ikiwa imefungiwa ndani. Kutulia kwa mapovu hakuthibitishi kitu. Soma haidromita, ngoja siku tatu, soma tena. Namba isipobadilika, na ikiwa imefika pale ilipotarajiwa, funga. Ikiwa imekwama juu, peleka ndoo mahali penye joto na usubiri.

Sukari ipimwe kwa mizani, iyeyushwe kwenye maji yaliyochemshwa, kisha bia imiminwe juu yake polepole ili ichanganyike sawasawa. Kugawa kwa kijiko chupa moja moja ni hatari. Chupa ya mililita 500 inahitaji kama gramu 3 tu. Kijiko cha chai cha kufuta hubeba kama 4, na cha kilima hubeba nyingi zaidi.

Chupa nazo zichaguliwe. Chupa za kahawia za bia, zisizo na ufa wala mdomo uliomeguka, zilitengenezwa kuhimili gesi. Mzinga wa pombe kali haukutengenezwa kwa kazi hiyo, wala chupa nyembamba ya maji. Chupa ya plastiki ya soda huhimili, tena ina faida ya pekee: inabinyika. Jaza moja katika kila mpiko. Ikiwa ngumu kupita ya soda mpya, weka zote kwenye friji mara moja, ukivaa glavu na miwani, kwa kuwa baridi hupunguza msukumo na kuilaza hamira.

Muratina isifungwe kwa hesabu hii. Asali au maji ya miwa yake bado yana sukari, na hamira yake ya asili haina mahali panapojulikana pa kuishia. Hata Chibuku ya Zambia na Malawi, inayouzwa ikiendelea kuchacha, hutiwa kwenye pakiti yenye matundu ya kupumulia. Wazee waliolegeza kifuniko cha kibuyu walifanya uamuzi sahihi wa kiufundi.

Nchini Kenya, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, inamtaka mtengenezaji na muuzaji wa kileo awe na leseni, kwa hiyo suala hilo litangulie jiko. Likishapata jibu, pesa ya kwanza inunue haidromita, kabla ya chupa na vifuniko. Bila kipimo hicho, kila chupa unayompa mgeni ni kisio, na mgeni hakukubali kubeba hatari ya kisio chako.