Spesa za Magurudumu na Uzito Unaohama

Mwaka 2007, Toyota ilipoitia Land Cruiser ya mfululizo wa 70 injini ya dizeli ya lita 4.5 yenye silinda nane, ilibidi sehemu ya mbele ya gari ipanuliwe ili injini ile ipate nafasi, na ekseli ya mbele ikapanuliwa nayo. Walakini ekseli ya nyuma iliachwa kama ilivyokuwa, hata katika baadhi ya aina zake magurudumu ya mbele yakawa yameachana kwa milimita 1,555 ilhali ya nyuma yameachana kwa 1,460 tu. Tofauti hiyo humwudhi dereva hasa katika mchanga na tope, kwani magurudumu ya nyuma hayapiti katika njia iliyokwisha kukandamizwa na ya mbele, bali hulazimika kujichimbia njia yao. Ndiyo maana wenye magari hayo aghalabu hununua spesa, vile vipande vinene vya chuma au aluminiamu vifungwavyo baina ya habu na rimu, wapate kuyasogeza magurudumu ya nyuma nje.

Dawa hiyo yafaa, lakini si kwa sababu isemwayo na wengi. Gari likatapo kona, uzito huhama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje, na kadiri magurudumu yaachanavyo ndivyo uzito uhamao unavyopungua. Kutoka 1,460 hadi 1,555, mambo mengine yakibaki yalivyo, upungufu ni takriban asilimia 6. Ama kulala kwa bodi ni jambo jingine. Bodi haikuegemea magurudumu, imeegemea springi, na springi hizo zimefungwa juu ya ekseli iliyo kipande kimoja, mahali palepale zilipokuwa kabla ya spesa. Basi anayetumaini kwamba gari lake litasimama wima katika kona hana budi kushughulikia springi zenyewe.

Katika gari ambalo kila gurudumu lina mkono wake, hesabu hugeuka. Tuseme mkono ni mmoja, springi iko milimita 300 kutoka kiungo chake, na gurudumu liko milimita 500: likisogezwa 25 nje, ugumu wa springi unaolifikia gurudumu hupungua kwa karibu asilimia 9, kwa sababu uwiano wa urefu huingia mara mbili, kwanza katika nguvu, kisha katika mwendo. Penye mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, upungufu ni mdogo zaidi.

Lakini taksiri kubwa ni ya usukani. Mhimili ambao gurudumu la mbele hupinda juu yake, ukiurefusha kwa fikra hadi chini, huigusa ardhi karibu na katikati ya tairi, na umbali wa baina ya pointi hizo mbili ni kipimo kilichofikiriwa kwa makini mno. Wahandisi wa Audi 80 ya mwaka 1972 waliupanga mhimili uiguse ardhi upande wa nje wa katikati ya tairi, ili breki ya upande mmoja ikishika kuliko ya pili, gurudumu lijipinde lenyewe kuupinga mvuto. Mtu akilitia gari la namna hiyo spesa ya milimita 20, yamkini ameifuta kazi yote hiyo kwa dakika chache za spana.

Zimebaki beringi. Gurudumu likisogea nje, beringi ya nje hubeba zaidi ya fungu lake, na rimu iliyotengenezwa kukaa nje kwa kiasi hichohicho huleta mzigo uleule, ingawa huepusha kiungo cha ziada. Kwa Land Cruiser ibebayo shehena nzito kila siku, mimi naona afadhali kubadili ekseli yote ya nyuma kwa iliyo pana, maana hapo beringi husogea pamoja na gurudumu, japokuwa gharama ni kubwa. Atakayebaki na spesa na ahakikishe tundu lake la katikati limeukumbatia mdomo wa habu barabara, na kwamba nati ya stadi ya milimita 12, yenye uzi wa 1.5, inazunguka angalau mara 8 kamili kabla ya kukaza.