Kusoma Kivuli cha Mwanga Usiopindika

Tangu enzi za Galileo, mafundi wa darubini wametegemea tabia moja ya mwanga: hukubali kupindwa. Ukikata lenzi vizuri, au ukisugua kioo mpaka kikapata mbonyeo unaofaa, mwanga wa nyota hukusanyika mahali pamoja ukatoa picha. Miale ya gama haina tabia hiyo. Nguvu yake ni kubwa mno. Hupenya lenzi, na kioo cha kawaida hakiirudishi. Tena angahewa huizuia isifike chini, kwa hiyo anayetaka kuiona hana budi kupeleka vyombo vyake juu kabisa, nje ya hewa. Na milipuko ya miale hiyo haina ratiba. Hutokea upande wowote wa anga, ikadumu sehemu ya sekunde au dakika chache, kisha ikazimika.

Kujua kwamba mlipuko umetokea ni jambo moja. Kujua umetokea wapi ndiyo kazi, na ndiyo kazi ninayotaka kuisifu hapa. Wengi wamesikia matokeo yake: nyota kubwa zinazojiporomokea na kuacha mashimo meusi, nyota za nyutroni zinazogongana kwenye galaksi za mbali. Wachache wamesimuliwa jinsi mahali penyewe palivyopatikana, na ustadi mwingi umejificha humo.

Walioanza hawakuwa wakitafuta nyota. Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti walikubaliana kuacha majaribio ya mabomu ya nyuklia hewani, chini ya maji na katika anga za juu. Marekani ikarusha setilaiti za Vela, mbili mbili, zichunguze kama kuna anayevunja ahadi. Tarehe 2 Julai 1967 zilinasa mmweko wa gama usiofanana na bomu. Kule Los Alamos, Ray Klebesadel na wenzake Ian Strong na Roy Olson hawakukimbilia kutangaza. Walisubiri setilaiti mpya zenye saa sahihi zaidi, kwa sababu saa ndiyo ingewapa jibu. Vela ziliizunguka dunia kwa umbali wa zaidi ya kilomita 100,000, moja upande huu na nyingine upande ule. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo mmweko mmoja ungeweza kuifikia setilaiti ya pili ukiwa umechelewa kwa sehemu ya sekunde inayopimika. Ukijua umechelewa kiasi gani, unajua umekuja kwa pembe gani. Kwa hesabu hiyo waliondoa dunia kwenye orodha ya washukiwa, kisha wakaliondoa jua. Mwaka 1973 walichapisha habari za milipuko 16, yote kutoka nje kabisa.

Hesabu hiyo ya kuchelewa bado inatumika mpaka leo. Setilaiti mbili hukupa duara zima angani ambalo mlipuko uko mahali fulani juu yake. Ya tatu, ikiwa imesimama pazuri, hulikata duara hilo katika sehemu mbili tu. Kadiri vyombo vinavyokuwa mbali kimoja na kingine, ndivyo mstari wa duara unavyokuwa mwembamba. Ndiyo maana wanasayansi waliomba vigunduzi vidogo vya gama vipakiwe kwenye vyombo vilivyokuwa na safari zake nyingine, vya Kisovieti na vya Kimarekani vilivyokwenda Zuhura, baadaye Ulysses kilicholizunguka jua. Tarehe 5 Machi 1979 mtandao huo ulinasa mmweko mkali sana na kuufuatilia mpaka kwenye mabaki ya nyota iliyolipuka katika galaksi jirani, Wingu Kubwa la Magellan. Kazi safi. Tatizo lake ni kwamba data za vyombo vilivyo mbali huchelewa kufika, na jibu lilipopatikana mlipuko ulikuwa umekwisha kupoa.

Chombo cha BATSE, kilichorushwa mwaka 1991 ndani ya setilaiti kubwa ya Compton, kilikwenda njia nyingine. Kilikuwa na vigunduzi vinane kwenye pembe za setilaiti, kila kimoja kikitazama upande wake. Kile kilichohesabu miale mingi zaidi ndicho kilichoelekea zaidi mlipuko, na kwa kulinganisha hesabu zote mwelekeo ulikadiriwa. Kilinasa milipuko 2,704, ikiwa imetawanyika sawasawa anga nzima. Mpangilio huo uliashiria kwamba milipuko haitoki kwenye galaksi yetu, ambayo ina umbo la sahani. Lakini kosa la digrii kadhaa ni eneo ambalo miezi mipevu mingi ingeenea, lenye nyota na galaksi zisizo na idadi. Mwaka 1995 wataalamu wawili, Bohdan Paczyński na Donald Lamb, walijadiliana hadharani kule Washington kama milipuko hiyo ni ya mbali sana au ya karibu. Hakuna aliyeweza kumaliza ubishi, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuonyesha kwa kidole: ulitoka pale.

Kilichofungua njia ni kivuli. Aliyewahi kuketi mchana chini ya paa la makuti lililochakaa anaujua ufundi huu hata kama hajausomea. Jua hupita kwenye matundu na kuchora sakafuni madoa ya mwanga, na jua likisogea madoa yote husogea pamoja. Mtu anayejua mahali pa kila tundu anaweza kuinama, akatazama sakafu peke yake, akasema jua liko wapi. Chombo cha kutafuta milipuko kina paa la namna hiyo: bamba lililojaa vipande vya risasi au metali nyingine nzito, na katikati yake matundu yaliyopangwa kwa mpangilio usiojirudia. Chini yake ni sakafu ya vigunduzi. Tundu moja tu lingetoa picha safi, lakini lingepitisha miale michache mno. Matundu maelfu hupitisha miale ya kutosha na kutoa picha maelfu zilizolaliana, na kompyuta huzichambua kwa kuuliza swali moja: kivuli hiki kimesogezwa kiasi gani, na upande gani? Kwa kuwa mpangilio haujirudii, jibu linalolingana ni moja. Nuru isiyopindika inapewa anwani kwa kuzuiwa nusu yake.

Setilaiti ya BeppoSAX, ya Waitalia na Waholanzi, ilirushwa tarehe 30 Aprili 1996 ikiwa na kamera mbili za aina hiyo. Ilizunguka karibu sambamba na ikweta, na kila saa moja na nusu hivi ilipita juu ya pwani ya Kenya. Kituo chake pekee cha ardhini kilikuwa Malindi. Huko ndiko ilikoshusha kila ilichorekodi tangu mzunguko uliotangulia, na data zikapelekwa Roma. Amri kutoka Roma nazo zilipanda kupitia huko huko. Waitalia walikuwa wenyeji wa pwani ile muda mrefu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa unajimu wa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, na setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Nadhani watoto wa shule wa pwani wanastahili kulijua jambo hilo kama wanavyojua habari za Vasco da Gama.

Wale watu wa Roma walijizoeza. Mlipuko wa Julai 1996 waliugundua baadaye, ukiwa umelala ndani ya data za zamani, nao ukawaonyesha kwamba kamera zao zinaweza. Wa Januari 1997 waliufuata wakachelewa. Kisha tarehe 28 Februari 1997, dakika mbili hivi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, mmweko mwingine ulipita kwenye matundu ya moja ya kamera. Setilaiti ilipofika Malindi ikaumwaga. Enrico Costa na wenzake wakasoma kivuli, wakapata mahali, wakaandaa amri ya kuigeuza setilaiti nzima ili darubini zake za eksirei zitazame pale. Saa nane baada ya mlipuko zilikuwa zinatazama, na zikaona chanzo ambacho hakikuwa kinajulikana. Siku tatu baadaye kilikuwa kimefifia karibu mara ishirini. Wakati huo huo kikundi cha Jan van Paradijs kilikuwa kimepiga picha ya eneo hilo kwa darubini ya William Herschel kule La Palma, chini ya siku moja baada ya mlipuko. Walipolinganisha na picha ya Machi 8, nukta moja ilikuwa imetoweka. Kwa mara ya kwanza mwako wa mlipuko wa gama ulikuwa umeonekana mahali pake kabla haujazimika. Mei mwaka huo huo mlipuko mwingine ukapata umbali pia: darubini ya Keck kule Hawaii ilionyesha kwamba nuru yake ilikuwa imesafiri yapata miaka bilioni saba. Ubishi wa Washington ukaishia hapo.

Saa nane. Ukiitazama ramani ya kazi ile, data kutoka juu hadi Malindi, Malindi hadi Roma, watu wakiamka, wakihesabu, wakijadiliana, amri ikirudi Malindi na kupanda juu, saa nane ni mwendo wa ajabu. Lakini mwako wa baada ya mlipuko hufifia tangu dakika ya kwanza, na sehemu yake yenye habari nyingi zaidi ilikuwa inapotea njiani. Neil Gehrels na wenzake wa NASA waliamua kwamba chombo kitakachofuata hakitamsubiri binadamu.

Swift ilirushwa tarehe 20 Novemba 2004. Paa lake limetengenezwa kwa vipande zaidi ya 50,000 vya risasi, kila kimoja cha milimita 5 kwa 5, unene milimita 1. Mita moja chini yake ni sakafu ya vigunduzi 32,768 vya kadmiamu, zinki na teluri. Kwa pamoja vinalinda yapata sehemu moja ya tisa ya anga nzima kwa wakati mmoja. Hesabu ya miale ikipanda, kompyuta iliyo ndani ya setilaiti hujiuliza maswali mengi kwa haraka. Je, ni chembe za kawaida za anga tu, zile zinazojaa chombo kinapopita juu ya Atlantiki ya Kusini? Je, ni nyota inayojulikana ambayo huwaka mara kwa mara? Ikiridhika kwamba kivuli kinaonyesha mahali papya, huhakikisha kwamba kugeukia huko hakutazielekeza darubini kwenye jua, mwezi au dunia. Kisha inageuka. Yapata dakika moja baada ya mmweko wa kwanza, darubini ya eksirei mara nyingi tayari inatazama.

Hapo upana unapungua tena. Kivuli hutoa mahali kwa kosa la dakika tatu hivi za pembe, yaani kama sehemu moja ya kumi ya upana wa mwezi mpevu. Eksirei, tofauti na gama kali, hukubali kurudishwa na kioo ikikigusa kwa kukiparuza tu, kwa pembe ndogo sana. Darubini hiyo ina vioo kumi na viwili vyenye umbo la mapipa, kimoja ndani ya kingine. Vilitengenezwa kama akiba ya chombo kingine, JET-X, ambacho hakikuruka kamwe, vikahifadhiwa mpaka Swift ikavihitaji. Vyenyewe hupunguza kosa hadi sekunde chache za pembe, kiasi kwamba mtu mwenye darubini kubwa ardhini hana tena la kubahatisha. Taarifa ya haraka hupitia setilaiti za kupokezana ujumbe. Data kamili hushuka Malindi, kwenye kituo kile kile, mara kadhaa kwa siku. Na kila mlipuko hupangiwa mtu wa zamu, ambaye simu yake humwamsha saa yoyote ili athibitishe kile ambacho mashine imedai na kuwaandikia wenzake duniani kote ndani ya dakika chache. Kwa miaka zaidi ya ishirini kazi hiyo imefanyika hivyo, kwa milipuko kama mia moja kila mwaka. Gehrels alifariki mwaka 2017, na mwaka uliofuata setilaiti ikapewa jina lake.

Haioni kila kitu. Tarehe 17 Agosti 2017 ilifika ishara ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana, na dunia yenyewe ilikuwa imeikinga Swift isione. Setilaiti ya Fermi ikanasa mmweko sekunde 1.7 baada ya mawimbi ya mvutano ya mgongano huo kufika, lakini Fermi hukadiria kwa kulinganisha hesabu, kama BATSE. Vituo vya LIGO na Virgo, vinavyonasa mawimbi hayo, ndivyo vilivyolipunguza eneo kwa ile hesabu kongwe ya kuchelewa, na darubini ndogo kule Chile ikakagua galaksi moja moja mpaka ikaikuta nukta mpya.

Ufundi huu sasa una mikono mingine. Setilaiti ya SVOM, ya China na Ufaransa, ilirushwa tarehe 22 Juni 2024, nayo ina bamba la matundu. Tarehe 14 Machi 2025 ilisoma kivuli cha mlipuko hafifu ikatoa taarifa. Saa moja na nusu baadaye Swift ilikuwa imepata nukta ya eksirei. Darubini ya Nordic kule La Palma ikaona mwako mwekundu, ile kubwa ya Ulaya kule Chile ikapima umbali: nuru ya miaka yapata bilioni 13. Miezi mitatu na nusu baadaye darubini ya Webb ilielekezwa pale pale, ikakuta mwanga wa nyota iliyolipuka.