Kicheko cha Pomboo

Mimi ni mzaliwa wa kusini Unguja, na pomboo si mnyama mgeni kwangu. Nimemwona baharini tangu utotoni. Lakini mara ya kwanza kumgusa akiwa hai ilikuwa mwaka 2014, nikiwa na umri wa miaka 63, ndani ya bwawa la hoteli moja kubwa huko Dubai. Nilifurahi mno siku ile. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba haya ni maneno ya mtu aliyesimama pembeni akiwalaumu wenziwe. Niliingia majini kama wengine, nikacheka kama wengine, na picha yangu nikibusiwa shavuni na pomboo ilikaa sebuleni kwangu miaka miwili.

Safari yenyewe ilitokana na mwanangu, anayefanya kazi huko. Alinialika nikapumzike kwake mwezi mmoja, na jioni moja akaniambia, "Baba, kesho wewe na mjukuu wako mtakwenda kuogelea na pomboo." Bei hakunitajia. Nilipokuja kuijua baadaye nilikuta imezidi pensheni yangu ya mwezi. Ilikuwa zawadi ya mtoto kwa mzazi wake, na zawadi ya namna hiyo mtu huipokea kwa mikono miwili.

Asubuhi yake tulivishwa nguo za mpira na majaketi ya kuelea, tukaambiwa tuvue pete na saa tusije tukamkwaruza mnyama, kisha tukaingia majini watu kumi. Tulijipanga mstari, maji yakitufika kifuani. Binti mmoja mwenye filimbi shingoni na ndoo ya samaki kando yake akainua mkono, na pomboo akaja. Alipita mbele yetu mmoja mmoja, nasi tukampapasa. Ngozi yake ni laini kama yai la kuchemsha lililomenywa. Aliruka, akazunguka, akatupungia pezi. Mjukuu wangu alishika pezi la mgongoni akavutwa kutoka upande mmoja wa bwawa hadi wa pili, akipiga kelele za furaha ambazo sijazisikia kwake kabla wala baada ya siku ile. Kila tendo lilipokwisha filimbi ililia, na samaki mmoja akatoka ndooni.

Ikafika zamu ya picha. Pomboo alinyanyua kichwa akanibusu. Mpiga picha akasema haikutoka vizuri. Mkono ukainuliwa tena, pomboo akanibusu tena, filimbi ikalia, samaki akatoka.

Ndipo mjukuu wangu, mtoto wa miaka 7, akauliza, "Babu, akichoka anakwenda wapi?" Swali lile nililifikisha kwa yule binti. Akajibu kwa adabu kwamba nyuma yapo mabwawa mengine, na kwamba pomboo wote hupumzishwa. Sina sababu ya kudai kwamba alidanganya. Watu wote tuliowakuta pale walikuwa wapole, na kwa macho yangu walimpenda yule mnyama. Lakini mimi nimefundisha Kiswahili miaka 30, na najua tofauti ya kupumzika na kupumzishwa. Anayepumzika amejiamulia mwenyewe. Anayepumzishwa ameamuliwa na mwingine, na mwingine huyo ndiye mwenye ufunguo wa mlango.

Nilitoka majini na neno lile moyoni, lakini furaha ilikuwa bado nyingi, basi nikalisukuma kando. Nilianza kulifikiria vizuri nilipokuwa nyumbani, nikiitazama ile picha. Katika picha mimi nacheka na pomboo naye anacheka. Nikajiuliza: ni nani aliyenidanganya kwamba pomboo anacheka? Hakuna aliyenidanganya. Nilijidanganya mwenyewe, na mimi kuliko watu wengi nilipaswa kujua.

Hapa sina budi kumtaja kaka yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa mvuvi wa papa. Mapema miaka ya 1980, nilipokuwa nikirudi nyumbani wakati wa likizo za shule, yeye na wenziwe walikuwa wakiwachoma pomboo kwa chusa ili nyama yao iwe chambo. Kwa mvuvi wa papa hakuna chambo kilichokuwa bora kuliko hicho, kwa sababu ya mafuta yake. Nakumbuka siku moja walipomshusha pomboo mchangani, ubavu umepasuliwa, naye tayari amekufa. Mdomo wake ulikuwa umepinda vilevile kama tuujuavyo. Mama akasema, "Maskini, anacheka mpaka kufa." Kaka yangu akajibu bila kuinua kichwa, "Hacheki, mama. Ndivyo alivyoumbwa."

Maneno hayo ni elimu tosha. Uso wa pomboo hauna uwezo wa kukunjuka na kukunjamana kama wetu. Mdomo wake umepindwa na umbo la taya. Akishiba ni ule ule, akiumwa ni ule ule, akifa ni ule ule. Angekuwa na uso wa papa, sidhani kama kuna mtu angelipa fedha ili aende kumbusu. Biashara nzima ya kuogelea na pomboo imejengwa juu ya umbo la taya ambalo sisi tumelisoma kama tabasamu.

Aliyelitambua jambo hili kwa gharama kubwa ni Mmarekani Ric O'Barry. Yeye ndiye aliyewafundisha pomboo waliotumiwa katika kipindi cha televisheni cha Flipper, kilichooneshwa Marekani kuanzia mwaka 1964 hadi 1967, na ambacho kiliwafanya watoto wa nchi nyingi watamani kuwa na rafiki wa namna ile. Mwaka 1970 mmoja wa pomboo wale, jina lake Kathy, alikufa mikononi mwake. Kwa pomboo kila pumzi ni ya hiari, havuti hewa bila kukusudia kama sisi tulalapo, na O'Barry anaamini kwamba Kathy aliamua kutovuta tena. Kama hivyo ndivyo au sivyo, hakuna awezaye kuthibitisha. Lililo hakika ni kwamba tangu mwaka huo mtu yule ameitumia kazi yake yote kupinga kitu alichosaidia kukijenga.

Sasa tuzipime hoja za wanaoitetea burudani hii, maana si hoja za kupuuzwa.

Wanasema kwanza kwamba bwawani pomboo yu salama. Hapati njaa, haliwi na papa, hanaswi na jarife. Hili ni kweli, na mtu wa pwani hawezi kulikana, kwani nyavu zetu zimewaua pomboo wengi. Lakini tuulize amefikaje bwawani. Wengine wamezaliwa humo. Wengine wametolewa baharini. Mwaka 2003 pomboo 28 walipakiwa kwenye ndege kutoka Visiwa vya Solomon kwenda Mexico, na mwaka 2007 wengine 28 wakapelekwa Dubai kutoka visiwa hivyo hivyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 11,000. Filamu ya The Cove ya mwaka 2009, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, ilionesha jinsi pomboo wanavyoswagwa katika ghuba ya Taiji, Japani: wachache huchaguliwa wauzwe kwa mabwawa ya maonesho, na wengi waliobaki huchinjwa. Mimi siku ile sikumuuliza mtu yeyote pomboo wangu ametoka wapi. Nilipima joto la maji kwa mguu kabla ya kuingia, lakini hilo sikuliuliza.

Wanasema pili kwamba pomboo mwenyewe anapenda. Mbona anakuja akiitwa? Anakuja, naam, na pengine mchezo nao humfurahisha, maana ni mnyama mwenye akili. Lakini anakuja penye ndoo, na samaki wengine hakuna. Wamarekani waliliona tatizo hili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, Amy Samuels na Trevor Spradlin walionesha kwamba pale pomboo na wageni walipoachwa pamoja bila mwalimu kuongoza, vitendo vya ukali na vya kunyenyekea vilizidi. Maana yake ni kwamba utulivu tunaouona haukutokana na urafiki wetu. Umetokana na filimbi. Mwaka 1998 serikali ya Marekani ilitoa kanuni zilizotaka pomboo wa kuogelea na watu awe na sehemu ya kujitenga ambako mgeni haruhusiwi kumfuata, na asitumike zaidi ya saa 2 kwa siku. Mwaka 1999 kanuni hizo zikasimamishwa. Mtu akitaka kujua hiari ya pomboo ina thamani gani mbele ya biashara, aitazame miezi ile michache.

Wanasema tatu kwamba mnyama huyu anaponya, hasa watoto wenye ulemavu na watu wenye huzuni. Hoja hii nataka kuigusa kwa upole, kwa sababu mzazi mwenye mtoto mgonjwa atajaribu kila mlango. Lakini Lori Marino na Scott Lilienfeld waliupitia ushahidi uliokuwapo, mwaka 1998 na tena mwaka 2007, na mara zote mbili hawakuona uthibitisho wa kuaminika kwamba tiba hiyo inatibu. Mtoto hufurahi, bila shaka. Wangu pia alifurahi. Furaha ni kitu kizuri, ila haitoshi kuitwa dawa.

Wanasema nne kwamba mtoto akimgusa pomboo atampenda, na akimpenda atailinda bahari. Ningependa iwe hivyo. Lakini nilipomuuliza mjukuu wangu jioni ile amejifunza nini, alinijibu kwamba pomboo anafanya unachomwambia. Hilo ndilo somo lililofundishwa, naye alilishika barabara.

Nchi kadhaa zimekwisha kuamua. India ilikataza mabwawa ya maonesho ya pomboo mwaka 2013. Kanada ilipitisha sheria mwaka 2019, na Ufaransa mwaka 2021. Uingereza haina pomboo wa maonesho tangu mwaka 1993. Hata hivyo mimi si mtunga sheria, na nisingependa msomaji wangu afikiri kwamba wema uko kwetu baharini na ubaya uko kwao bwawani.

Maana turudi Kizimkazi. Katika miaka ya 1990 wageni walianza kuja kuwatazama pomboo, na wavuvi wakagundua kwamba pomboo aliye hai analipa kuliko chambo. Kaka yangu alikitundika chusa chake ukutani akaanza kuchukua wageni. Alikuwa na maneno yake aliyowaambia kabla ya kung'oa nanga: "Wakitaka watakuja. Wasipotaka tutarudi." Wengi walicheka wakidhani ni mzaha. Lakini boti ziliongezeka, na mgeni aliyelipa hataki kurudi bila kuona. Boti zikaanza kuwakimbiza pomboo, zikiwazunguka, na wageni wakirushwa majini mbele ya njia yao. Utafiti uliofanywa huko na kuchapishwa mwaka 2010 ulionesha kwamba boti zinapowaandama, pomboo hupunguza muda wa kupumzika na wa kutafuta chakula. Kwa hiyo hata penye bahari yote mtu anaweza kumjengea mnyama bwawa, la injini na kelele.

Tofauti ninayoiona ni moja tu, nayo kwangu ni kubwa. Baharini pomboo anaweza kukataa, ikiwa tutamwacha. Anazama, anakwenda zake, na fedha zetu hazimhusu. Bwawani hata akikataa, hana pa kwenda. Na mimi nadhani kilichotuvuta sisi sote kuingia majini, tukiacha kicheko chake, ni hamu ya kukubaliwa na kiumbe asiye wetu. Tunataka kuambiwa na mnyama wa porini kwamba sisi ni watu wema. Hamu hiyo siioni kuwa na aibu. Lakini anayeweza kutukubali ni yule tu anayeweza kutukataa. Busu nililopewa mara mbili kwa sababu picha ya kwanza haikutoka halikuwa kibali cha mtu.

Mwaka 2016 mwanangu alikuja likizo na familia yake, nami nikampeleka mjukuu wangu Kizimkazi kwa boti ya mtoto wa kaka yangu. Tulitoka alfajiri kabla ya boti nyingine. Pomboo wanne walitokea mbali kidogo, mmoja akiwa na mtoto ubavuni. Mjukuu wangu akavaa miwani ya maji, akakaa ukingoni tayari kujitosa. Injini ilizimwa. Wakaibuka mara moja, mara ya pili, wakapumua tukasikia, kisha wakazama. Tulingoja karibu nusu saa. Hawakurudi.

Mtoto alilia. Alikuwa amewaahidi wenziwe wa shule Dubai kwamba atawaletea hadithi. Akaniuliza kwa hasira kwa nini tusiwafuate, na mtoto wa kaka yangu akanitazama mimi, mkono wake ukiwa kwenye kamba ya injini, akingoja niseme. Nilimtazama mjukuu wangu, nikafikiria nauli, nikafikiria safari yote ile ya kutoka Dubai. Sitaficha kwamba nilisita.

Kisha nikamwambia, "Wamekwenda kupumzika, mama. Turudi." Tulirudi akiwa amenuna mpaka pwani. Jioni ile niliishusha ile picha sebuleni.