Sifa kwa Mafundi wa Duesenberg na Cadillac

Wakusanyaji wa magari ya fahari ya Marekani ya kabla ya Vita Kuu ya Pili hawaishi kubishana juu ya mawili: Duesenberg Model J ya Indianapolis na Cadillac V-16 ya Detroit. La kwanza lilionyeshwa New York Desemba 1928. La pili lilitokea Januari 1930, miezi michache baada ya soko la hisa la Wall Street kuporomoka, wakati mbaya kabisa wa kuuza anasa.

Fred Duesenberg alilelewa na magari ya mashindano, na injini yake inalisema hilo waziwazi. Silinda 8 zimejipanga mstari mmoja, kila moja na valvu 4, zikiendeshwa na kemshafti 2 zilizokaa juu. Ujazo wake ni karibu lita 6.9, na kampuni ilitangaza nguvu farasi 265. Mwaka ule hapakuwa na gari jingine la kuuzwa Marekani lililoikaribia.

Lakini kwa dola 8,500 za mwanzoni ulipewa chesisi na injini tu. Bodi iliagizwa kwa waundaji kama Murphy wa Pasadena, California, na hapo ndipo moyo wangu hukaa. Seremala alichonga fremu ya mbao, kiungo kwa kiungo. Fundi bati akachukua karatasi ya alumini, akaigonga, akaipitisha kwenye mashine ya magurudumu mara nyingi huku akiipapasa kwa kiganja, kwa maana kibonyeo ambacho jicho halikioni, kiganja hukigundua. Mlango wa upande mmoja usingeweza kuhamishiwa gari jingine hivi hivi bila kuchongwa upya. Kazi ya namna hiyo haina njia ya mkato.

Cadillac ilikwenda njia nyingine. Funua boneti yake: silinda 16 katika safu mbili, kila safu na kabureta yake, nyaya zimefichwa, vifuniko vina enameli nyeusi na alumini iliyong'arishwa. Mhandisi Owen Nacker na wenzake waliipamba injini kama sehemu ya kutazamwa, jambo ambalo watengenezaji wengi hawakulijali. Nguvu farasi zilikuwa 165 tu, ila kusudi lilikuwa utulivu. Kifaa kidogo kinachosukumwa na oili huziba mwanya kwenye mikono ya valvu, ule unaozaa kelele za tik-tik. Gari likisimama taa nyekundu, abiria anaweza kudhani limezimika.

Duesenberg J ziliundwa 480 na ushei tu, na kampuni ilifungwa 1937. V-16 zilifika takriban 4,000 hadi 1940, nyingi zikiwa za mwaka wa kwanza. Ndiyo maana minadani Duesenberg huiacha Cadillac mbali kwa bei. Anayeitaka Duesenberg achunguze kwanza namba za injini, za chesisi na historia ya bodi, kwani nyingi zilibadilishwa bodi baadaye, na bodi ya asili ndiyo yenye jasho la yule fundi.

Kwa mwendo na uadimu, Duesenberg haina mpinzani. Ila kutengeneza kitu kikubwa kiasi kile kikanyamaza ni kazi ngumu kuliko kukifanya kiende mbio. Kura yangu naipa Cadillac ya 1930.