Karne za Kati katika Sinema ya Ingmar Bergman

Ingmar Bergman wa Sweden (1918–2007) alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Tangu utotoni alifuatana na baba yake aliyekwenda kuhubiri, akazoea kutazama picha zilizochorwa katika kuta na dari za makanisa ya kale. Si ajabu, basi, kwamba sinema yake, Muhuri wa Saba (1957), imejaa mambo ya karne za kati. Swali litupasalo kuuliza ni hili: je, mambo hayo ni mapambo tu, au ndiyo mifupa ya kazi yenyewe?

Kwa mtaalamu wa historia makosa ni dhahiri. Askari Antonius Block arudi kutoka Vita vya Msalaba na kuikuta tauni nchini kwake. Lakini mji wa Akka ulianguka mwaka 1291, na tauni haikufika Sweden mpaka karibu na mwaka 1350. Mchoraji Albertus, aonekanaye akipamba ukuta wa kanisa, aliishi zaidi ya karne moja baadaye. Na wachawi walichomwa kwa wingi huko katika miaka ya 1668–1676.

Hata hivyo, aihukumuye kazi hii kwa tarehe aipima kwa mizani isiyo yake. Katika kanisa la Täby, karibu na Stockholm, Albertus Pictor alichora Mauti akicheza sataranji na binadamu. Wachoraji wa namna yake hawakujali tarehe. Walimvika nabii wa kale mavazi ya jirani zao, ili asiyejua kusoma aelewe kwa kutazama. Bergman afuata kawaida iyo hiyo. Maandamano ya watu wanaojipiga mijeledi, msichana atiwaye motoni, bakuli la maziwa na matunda ya porini: kila kisa ni picha kamili iliyowekwa kando ya mwenziwe.

Bali moyo wa askari si wa zama zile. Mtu wa karne za kati aliogopa hukumu. Block aogopa kwamba hakimu hayuko. Hofu hiyo ni ya karne ya 20, iliyokwisha kuliona bomu la atomiki. Kila aelezapo shaka zake kwa maneno marefu, picha husimama na mahubiri huanza. Hapo ndipo sinema ilegeapo.

Nguvu yake hurudi Block anyamazapo na kutenda. Aziangusha kete kwa makusudi, Mauti ashughulika kuzipanga, na Jof mwigizaji atoroka na mkewe na mtoto wao. Jof ndiye aonaye Bikira Maria pasipo kudai ushahidi, na ndiye pekee aonaye ngoma ya Mauti kilimani mwishoni. Bergman, aliye na mashaka ya Block, amemwachia Jof macho ya mchoraji na uhai pia. Kwa hiyo twajibu: karne za kati hapa ni mifupa, wala si mapambo.