Mashuti Mengi Si Nafasi Nzuri

Jonathan Sowah alijiunga na Singida Black Stars kwenye dirisha dogo la Januari 2025, na msimu wa 2024/25 ulipomalizika alikuwa na mabao 13 ya Ligi Kuu ya Tanzania, timu ikishika nafasi ya nne. Mabao hayo yanatosha kumsifu mshambuliaji, lakini hayamwambii kocha kama mengine yatakuja. Kwa hilo lazima ajue yalitokana na nafasi za aina gani. Ndiyo kazi ya kipimo cha mabao yanayotarajiwa, ambacho Sam Green wa kampuni ya takwimu ya Opta alikieleza mwaka 2012. Kila shuti hupewa alama kati ya 0 na 1, kwa kuangalia mashuti ya namna hiyo huko nyuma yaliingia mara ngapi: umbali, pembe, mguu au kichwa.

Goli lina upana wa mita 7.32. Ukisimama kwenye nukta ya penalti, mita 11, unaliona kwa pembe ya nyuzi 37 hivi. Ukirudi hadi mita 25 zinabaki 17, na mabeki wamejaa mbele yako. Tuseme shuti la mbali lina alama 0.03 na nafasi ya wazi ndani ya kumi na nane ina 0.40. Timu iliyopiga mashuti kumi ya mbali ina uwezekano wa asilimia 26 wa kupata walau bao moja. Iliyopata nafasi mbili za wazi ina asilimia 64. Hata hivyo, ya kwanza ndiyo itakayosifiwa kwa kushambulia.

Wapo watakaosema vipimo hivi vimejengwa kwa mechi za Ulaya, na viwanja vyetu ni vingine. Ni kweli, alama zinaweza kupanda au kushuka, ila hakuna uwanja unaofanya mita 25 kuwa bora kuliko mita 6. Wengine watasema mfungaji hodari huvunja hesabu. Wachache huvunja, lakini nusu msimu haitoshi kuwatambua. Udhaifu halisi ni kwamba krosi inayopita mbele ya goli bila kuguswa haipati alama yoyote, kwa hiyo video bado inahitajika.

Sowah alihamia Simba mwaka 2025. Viongozi wa Singida wanapotafuta mshambuliaji, wasiulize mabao peke yake. Wadai mchoro wa mashuti yake yote, yaliyoingia na yaliyokosa.