Lugha ya Mezani katika Milima ya Usambara

Msafiri atokaye Mombo hupanda njia ya mizunguko mingi kupita Soni, hata afike Lushoto, mji ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Hapo hukuta baridi, bustani za mboga, na nyumba za wageni zenye vyumba vya kulia vilivyopambwa, ambamo meza huandikwa kwa vitambaa, bilauri na nyuma za namna mbili. Mapishi yake hayahukumiwi hapa. Kinachopimwa ni lugha: ile iliyoandikwa katika orodha ya vyakula, na ile itamkwayo baina ya mgeni na mhudumu. Katika vyumba vya namna hiyo orodha kwa kawaida huwa ya Kiingereza, na Kiswahili kinapotiwa, mara nyingi huwa kivuli cha Kiingereza hicho.

Kanuni ya Kiswahili katika kutaja chakula ni nyepesi na ya zamani. Hutajwa kitu, kisha hufuata kiunganishi na kitenzi-jina: samaki wa kupaka, mkate wa kumimina, mahindi ya kuchoma, mboga ya kuunga. Kitenzi hicho hakisimulii tukio, chaeleza namna. Mahindi ya kuchoma ni ya kuchoma hata kabla hayajatiwa motoni, na mwuzaji aweza kusema, “Mahindi ya kuchoma yapo, ngoja niyachome,” pasipo kujipinga. Lakini mfasiri wa orodha, aliyeshika neno la Kiingereza lenye umbo la jambo lililokwisha, huandika “kuku aliyechomwa”, “viazi vilivyopondwa”, “mboga zilizochemshwa”. Sarufi haikuvunjwa, na ndiyo maana kosa hupita bila kuonekana. Hata hivyo “kuku aliyechomwa” ni kuku fulani, aliyepatwa na jambo fulani, na msikilizaji hungojea kuambiwa ni nani aliyemchoma na kwa sababu gani.

Hasara nyingine ni ya vitenzi vyenyewe. Kiswahili kina kuchoma na kubanika, kuoka na kukaanga, kuchemsha na kutokosa, kuunga na kusonga. Wala si maneno ya kubadilishana ovyo. Abanikaye huielekeza nyama motoni kwa kijiti au juu ya uchaga; atokosaye muhogo huupika kwa maji bila kuutia viungo. Orodha za kisasa huyakusanya yote katika “kupika”, “kuchoma” na “rosti”, na tofauti ambayo kila mama wa Tanga aijua hupotea mbele ya mgeni anayelipa fedha nyingi ili aonje tofauti.

Majina ya vyakula vya nchi nayo hayakusalimika. Makande, yaani mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja, yakiingia katika chumba cha vitambaa hugeuka maelezo marefu ya Kiingereza, kana kwamba jina halikuwapo. Wakati huohuo piza na tambi za Italia huachiwa majina yao bila mtu kutaka fasiri. Matunda yana tabu ya namna yake. Lushoto hupatikana mapeasi, matofaa na maparachichi. Kwa wengi wa pwani “pea” ni parachichi, na tofaa la asili ni tunda la pwani, si lile la nchi za baridi. Mtungaji wa orodha asiyelijua hilo aweza kumwahidi mgeni wa Unguja saladi ya tunda moja na kumletea jingine. Hapa “peasi” na “parachichi” zafaa zaidi, maana hazina mashaka.

Katika mazungumzo mambo ni mazito zaidi. Enzi ya ukoloni ilimwita mhudumu “boi”, hata akiwa na wajukuu, na Kiswahili cha masetla kilikuwa cha amri tupu: leta, ondoa, upesi. Neno hilo limeachwa, na “mhudumu” limekuwa na heshima. Lakini palipokuwa na amri pameingia tafsiri. Mgeni Mtanzania husikika akisema, “Naweza kupata chai?”, naye hujibiwa, “Furahia chakula chako.” Swali la kwanza lauliza uwezo wa msemaji, jambo ambalo mhudumu hana habari nalo, jibu ni amri ya kufurahi. Kiswahili husema “Naomba chai” au “Niletee chai, tafadhali”, na aandaaye husema “Karibu”, neno ambalo mlaji mwenyewe humwambia apitaye, naye apitaye hujibu “Starehe”.

Linganisha na mama ntilie. Jina hilo limetoka kinywani mwa mlaji: nitilie, kwa kauli ya kutendea, ambayo humwingiza mtu ndani ya kitendo anachotendewa. Mahali pa wenye fedha chache pamepata jina kutoka ndani ya lugha. Pa wenye fedha nyingi pangali pakiazima. Wala si kwamba akiba haikuwapo. “Kuandika meza” kumo katika kamusi ya Johnson ya 1939, kwa maana ya kuitengeneza meza tayari kwa kula, na kwalo laweza kuundwa jina la mwenye kazi hiyo. Katika *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi ’lAjjemy, iliyohaririwa na J. W. T. Allen na kutolewa 1962, Mbegha mwindaji aingia nchi ya Washambaa na nyama ya mawindo, na urafiki wake nao waanza kwa kulishana. Mwandishi hakuhitaji lugha nyingine kuyasema hayo.

Yaweza kujibiwa kwamba wageni wengi wa Lushoto hutoka Ulaya, nao sharti waelewe. Ni kweli, wala hapana adai Kiingereza kiondolewe. Lakini hula humo pia watu wa Tanga na Dar es Salaam, nao huagiza chakula cha nchi yao kwa kunyosha kidole. Orodha ya safu mbili, Kiswahili kikiwa safu ya asili na si ya fasiri, si kazi kubwa. Yahitaji tu mtu aanzie jikoni kabla ya kamusi, kwa wapishi, ambao nyuma ya mlango huagizana kwa Kiswahili na Kishambaa.